Sura ya Saba: Barua Iliyofika Kinyala

Niligundua kosa langu Alhamisi asubuhi, saa mbili kasorobo, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Barua pepe niliyomwandikia mpenzi wangu Lutufyo jana yake jioni, niliyoiandika kwa saa nzima huku nikilia na kutukana, haikwenda kwa Lutufyo. Ilikwenda kwa baba yake.

Nilisoma pale kwenye orodha ya barua zilizotumwa. Nikafunga, nikafungua, nikasoma mara ya tatu, kana kwamba kompyuta ingenionea huruma na kubadili maneno. Haikubadili kitu. Nikaweka kikombe chini na kumwita Nelson.

Nelson ndiye aliyekuwa mwenye duka. Mwaka ule wa 2003 alikuwa na kompyuta tatu zenye intaneti pale Tukuyu mjini, na mimi, Tupokigwe, nilikuwa mpiga chapa wake. Watu walikuja na barua zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, mimi nikazichapa na kuzituma: kwa watoto wao vyuoni, kwa wafadhili, kwa kampuni mpya za kununua chai zilizokuwa zikifunguliwa kila kukicha. Mwaka mzima sikuwahi kukosea anwani ya mteja hata mmoja. Kumbe nilikuwa naisubiri ya kwangu.

"Nelson, barua pepe ikitumwa kwa makosa inarudishwaje?"

"Hairudishwi."

"Lazima kuna namna."

"Tupo, nasikia huko kwenye maofisi makubwa, mtu na mwenzake wakiwa jengo moja, wanaweza kuivuta ikarudi kabla haijafunguliwa. Hii yetu ya bure, ukishabonyeza imekwenda."

Akavuta kiti, akainamia kioo, akasoma jina la aliyetumiwa. Nelson ni mtu mwenye adabu, kwa hiyo hakucheka. Aliuliza tu kwa nini mwenyekiti wa wakulima wa chai wa Kinyala nimemhifadhi kwenye orodha ya anwani kwa jina la "Kwa Lutufyo". Kisha akaliacha swali lake, maana na yeye ni Mnyakyusa, na jibu alikwisha kulipata mwenyewe.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ni afadhali niiseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, haketi naye chumba kimoja, hali mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kugeukia pembeni mpaka mwenzake apite. Tunaita kutila, na si chuki, ni heshima. Mzee yule wa Kinyala, baba yake Lutufyo, alikuwa amekwisha kunikataa bila hata kuniona. Lakini siku nilipoingiza anwani ya ofisi yake kwenye orodha, vidole vyangu vilikataa kuandika jina lake. Nikaandika "Kwa Lutufyo", nikajiona mkwe kamili, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Anwani ya Lutufyo mwenyewe ilikuwa mstari wa chini yake. Jana jioni macho yalikuwa na machozi, nikabonyeza wa juu.

Ndiyo hivyo. Nilimheshimu mtu asiyenitaka, na heshima yenyewe ikaniuza.

Nikamuuliza Nelson watu wa Kinyala wanafungua barua zao saa ngapi. Hakuhitaji kunijibu, nilijua kuliko yeye. Venance, karani wa umoja ule wa wakulima, huunganisha kompyuta na waya wa simu kila siku saa mbili asubuhi, huvuta barua zote zilizoingia na kuzichapa kwenye karatasi. Na Alhamisi ndiyo siku ya mkutano. Zamani viongozi waliopita walikuwa wanazificha barua za wanunuzi mifukoni, wakulima wakabaki gizani. Mzee alipochaguliwa kuwa mwenyekiti aliweka sheria moja, na kwa sheria hiyo watu walimpenda: kila karatasi iliyoingia ofisini wiki hiyo husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, iwe nzuri au mbaya, bila kuruka neno.

"Mungu wangu," Nelson akasema taratibu. "Wataisoma."

Nikanyakua simu ya mezani nikapiga Kinyala. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Mara ya nne nikaelewa kwa nini. Waya wao ni mmoja. Simu ikiwa inatumika, maana yake kompyuta imeunganishwa, na barua yangu ilikuwa inateremka dakika ile ile huku mimi nasikiliza mlio wa tiit, tiit, tiit.

Basi nikafanya kosa la pili. Nikaketi, nikaandika mbio mbio barua nyingine kwa Venance: *Ndugu Karani, barua iliyotumwa jana jioni kutoka anwani hii imekuja kwenu kwa makosa. Tafadhali usiisome wala usimsomee mtu yeyote, ni ya siri. Tupokigwe.* Nikabonyeza.

Nelson alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umeituma?"

"Nimeituma."

"Sheria yao si kila kilichoingia kinasomwa?"

Sasa zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa na jina langu lote.

Nikavaa koti, nikatupia kitenge mabegani. Nelson akaniambia jambo moja la maana asubuhi ile: karatasi si kama kompyuta, karatasi unaweza kumpokonya mtu mkononi. Nenda ukaichukue, akasema, uichukue ukimbie, usibishane na mtu.

Nje ilikuwa mvua ya kawaida ya Tukuyu, ile isiyonyesha kwa nguvu na isiyokata. Pale njia panda nikasimamisha lori la kiwanda lililokuwa linapanda likiwa tupu kwenda kuchukua majani ya chai. Dereva alinijua, maana mama yangu huuza ndizi Makandana jirani na nyumba yao. Akanifungulia mlango bila maswali. Njia nzima nilitazama mashamba yakipita, kijani kwa kijani, nikaikumbuka barua neno kwa neno.

Lutufyo nilikutana naye kwenye benchi la wateja. Alikuja na fomu za kuombea chuo cha kilimo Morogoro, akakaa kusubiri zamu yake, na nilipoinua macho nikamkuta anatazama vidole vyangu vinavyochapa. Hakutazama kifua wala miguu, vidole. Nikakosea mistari miwili. Alirudi kesho yake akisema fomu ina kosa, na haikuwa na kosa. Juma la tatu alinipeleka kule Daraja la Mungu, tukasimama juu ya mwamba maji yakipita chini yetu kwa kelele, akasema kitu nisichokisikia. Nikamwambia arudie. Akainama sikioni mwangu akarudia, na tangu siku ile sikio langu la kushoto ni la kwake.

Alipokwenda kumwambia baba yake, mzee aliuliza swali moja tu: mama yake binti alitolewa ng'ombe wangapi? Lutufyo hakuweza kusema uongo. Mama yangu hakutolewa hata mmoja. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mgeni, akamwahidi mama ng'ombe na siku ya kuwaleta, kisha akahamishwa na hajarudi mpaka leo. Mzee akasema nyumba yake haitaoa kwenye nyumba ambayo ng'ombe hawakuwahi kuingia, kwamba mti huzaa tunda lake. Akamtafutia Lutufyo binti wa Igogwe, Jenifer, muuguzi, mtoto wa mzee mwenzake wa kanisa. Jumamosi hiyo hiyo mshenga alikuwa aende.

Na Lutufyo wangu, akiwa huko Morogoro, ameniandikia nini? Kwamba tuvute subira. Kwamba mzee akizidi kukaza, mimi nipande basi nimfuate kimya kimya, tuishi kama watu wengine wanavyoishi, na mambo ya nyumbani yatajipanga yenyewe mbele ya safari. Nilimpenda nilipokuwa naisoma barua hiyo, na nilitaka kumtandika.

Lori likanishusha jirani na banda la kupimia majani. Ofisi ya umoja wao ni chumba kimoja cha matofali, na ukumbi umepakana nayo, wenye mabenchi, madirisha yasiyo na vioo na milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Miavuli ilikuwa imeegemezwa ukutani mmoja juu ya mwingine. Ofisini hapakuwa na mtu. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta imefunikwa kitambaa, na trei ya karatasi ilikuwa tupu.

Nikasikia sauti ya Venance ng'ambo ya ukuta.

Alikuwa anasoma barua ya mbolea. Nikasogea mpaka mlango wa mbele wa ukumbi nikachungulia. Watu kama themanini, wanaume mbele, wanawake nyuma na vikapu vyao miguuni. Mwenyekiti ameketi mezani, koti jeusi, kofia imewekwa juu ya daftari la mahudhurio, macho chini kama mtu anayesali. Venance amesimama kando yake na karatasi tatu. Akamaliza ya mbolea, akachukua ya pili, akaanza kusoma kabla ya kuitazama.

"'Ndugu Karani, barua iliyotumwa jana jioni kutoka anwani hii imekuja kwenu kwa makosa. Tafadhali usiisome wala usimsomee mtu yeyote, ni ya siri. Tupokigwe.'"

Sijawahi kuona mkutano ukiamka namna ile. Waliokuwa wanasinzia wakafungua macho. Bibi mmoja aliyekuwa anasuka ukili akaacha. Mtu wa benchi la mbele akasema hizo ndizo barua zilizokuwa zinafichwa enzi zile, haya, na isomwe.

Venance alikuwa amekwisha kuipitia ya tatu kwa macho, na uso wake ulikuwa umelowa jasho katika baridi ile. "Mwenyekiti," akasema, "hii nadhani tuiache. Haihusu chai."

"Imeingia ofisini?"

"Imeingia."

"Basi soma. Tulikubaliana wote hapa. Hatuchagui."

Nikaingia. Sikumbuki nilivyopita katikati ya mabenchi, nakumbuka tu viatu vyangu vilikuwa vinalia kwa maji. Nikafika mbele, nikanyoosha mkono, na Venance, Mungu ambariki, akaniachia karatasi kama mtu anayetua mzigo. Nikaitazama. Ilikuwa yenyewe. Nimeirudisha. Mtu akikuuliza barua pepe inarudishwaje, mwambie hivyo: kwa lori la majani ya chai.

Nikageuka kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, mvua naiona. Hatua kumi tu ningekuwa nje.

"Ni nani huyo?" mwenyekiti aliuliza nyuma yangu.

Watu wakanong'ona. Kisha sauti ya mwanamume ikajibu kwamba ni yule binti wa Makandana, wa mwanawe.

"Mwanangu hana binti Makandana," mzee akasema. Alisema polepole, kwa sauti ya mkutanoni, ili hata wa nyuma wasikie. "Mwanangu ana mchumba Igogwe. Huyo ni mgeni, amekosea mkutano. Mwacheni aende zake."

Ningekuwa na akili za Nelson ningekwenda zangu. Karatasi ninayo, siri ninayo, Jumamosi mshenga anakwenda Igogwe, mimi narudi kuchapa. Hasira ilinipanda kuanzia miguuni, na ilipofika kifuani nikaona aibu yote niliyokimbizana nayo tangu asubuhi imeyeyuka. Niliogopa nini isomwe? Kuna neno gani mle ambalo si kweli? Nilikuwa nimepanda lori kwenda kuficha kitu pekee nilichowahi kuandika kwa moyo wangu wote.

Nikarudi nikasimama mahali pa Venance. Nikaifungua.

"Sheria yenu ni kwamba kila kilichoingia kinasomwa," nikasema. "Nitaisoma mwenyewe. Imeandikwa kwa Lutufyo, lakini imekuja hapa, basi ni yenu pia."

Mzee hakuinua macho. Nikasoma.

"'Lutufyo wangu. Unasema tuvute subira. Mama yangu amevuta subira miaka ishirini na minne, na siku aliyoahidiwa ng'ombe alifagia uwanja tangu alfajiri, akakaa mlangoni mpaka jua likazama. Mimi sina subira ya namna hiyo. Baba yako anasema sifai kwa kuwa mama hakutolewa ng'ombe. Mwambie, asiyetoa ndiye mwenye kosa. Mwanamke aliyefagia uwanja ana kosa gani? Na mimi niliyekuwa tumboni nina kosa gani?'"

Nyuma kule kwa wanawake mtu akaguna. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili.

"'Unasema nipande basi nije kimya kimya. Sikatai kwa kuwa sikupendi. Nakupenda. Nakupenda ninapochapa barua za mbolea, nakupenda nikimenya ndizi, nakupenda hata leo nikiwa na hasira na wewe hadi natetemeka. Nikisikia mtu anaita jina lako barabarani nageuka, na si wewe, na siku nzima inaharibika. Lakini sitakuwa mke wa kufichwa Morogoro. Mama yangu alifichwa. Mimi sifichwi.'"

Ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho, mistari michache. Nikashusha karatasi ili nisilie mbele za watu wale, na katika kuishusha macho yangu yakamwangukia mzee. Alikuwa ameketi vile vile, kidole kikifuata ukingo wa kofia yake.

Hapo nikafanya jambo ambalo mama yangu, siku alipolisikia, alikaa chini.

"Mzee Ambilikile," nikasema.

Jina lenyewe. Mbele ya ukumbi mzima. Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja, na mtu mmoja akasema kwa Kinyakyusa kwamba huyu mtoto amepotea.

"Umesema mimi ni mgeni," nikaendelea. "Nimekubali. Mgeni kwetu hakimbiwi, mgeni hutazamwa usoni akasalimiwa. Basi inua macho unitazame, uniambie *ugonile* kama unavyomwambia mpita njia yeyote. Ukifanya hivyo nitajua kweli mimi si kitu kwako. Nitatoka kwa mlango ule, nitamwandikia mwanao leo leo kwamba yamekwisha, na Jumamosi mshenga wako aende Igogwe kwa amani. Hutanisikia tena."

Nilikuwa nimeweka mapenzi yangu yote mezani pale karibu na kofia yake. Salamu moja tu, neno moja, na Lutufyo angekuwa wa Jenifer. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema, na sikurudisha hata nusu ya neno. Nilichoka kuwa mkwe kwenye orodha ya anwani tu.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee akaweka mikono mezani, akajiinua taratibu kama watu wa magoti mabovu wanavyojiinua, akasimama wima. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Nilimwona akivuta pumzi. Kidevu chake kikaanza kupanda.

Kikaishia katikati. Akaichukua kofia, akaiweka kando ya uso, upande wangu, akanigeuzia mgongo. Akatembea akiwa amegusa ukuta, bega lake likikwaruza chokaa ili asinikaribie, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenye mvua bila mwavuli.

Nilibaki nimeshika karatasi. Kwanza nilifikiri amenidharau, amekataa hata kunisalimia. Damu ikanichemka upya. Ndipo kule nyuma mwanamke akasimama, mwembamba, kilemba cha buluu, na ingawa sikuwahi kumwona nilimjua kwa macho, maana ndiyo macho ya Lutufyo. Mama Atuganile, mke wa mwenyekiti.

"Mmeona wote," akasema. Hakupaza sauti, wala hakuhitaji. "Mimi nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja. Anasalimia walevi, anasalimia na watoto wa shule. Leo ameacha njia. Mwanamume hamwachii njia mwanamke asiyemhusu. Amemtila huyu binti, mbele yenu, na sikumwomba."

Ukumbi ukapasuka kwa maneno. Wengine wakasema mzee amekimbia mvutano tu, wengine wakasema hapana, mila ni mila, ukishageuza uso umekubali, huwezi kesho kuurudisha na kusema hukugeuza. Mzee mmoja wa benchi la mbele akawauliza kwa ukali kama ng'ombe wakishaingia zizini kuna anayesema walipotea njia. Nilikuwa nawasikia kwa mbali. Nilikuwa namtazama mama yake Lutufyo, naye ananitazama, na katika macho yale sikuona huruma. Niliona mtu aliyekuwa anasubiri jambo hili lifanywe na mwingine.

Venance, aliyekuwa amechungulia mlango wa nyuma, akarudi amelowa mabega. Akasimama mbele yangu kwa namna ya ajabu, rasmi, kama anasoma muhtasari wa kikao.

"Mwenyekiti yuko hapo nyuma ya ukuta," akasema. "Anasema nikuulize. Barua haikuisha. Anauliza inaishaje."

Na mimi, nisiyejua mila nyingi, hilo nililijua: baba mkwe akiwa na neno na mkamwana wake, hulipitisha kwa mdomo wa mtu wa tatu. Dirisha lisilo na kioo lilikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Nje yake niliona ukingo wa koti jeusi, halitikisiki.

Sikulitazama. Nikamtazama Venance, nikainua sauti ili ipite ukutani bila taabu.

"Mwambie inaisha hivi. 'Kama unanitaka, njoo na ng'ombe, na waje mchana. Wapite katikati ya soko, wapite mbele ya kiwanda, watu wawahesabu mmoja mmoja. Mama yangu aache ndizi zake asimame mlangoni awaone wakiingia, yeye ambaye hakuwaona wa kwake. Bila hivyo usije, Lutufyo, hata ukija ukilia.'"

Nikaongeza la kwangu, ambalo halikuwemo: "Na mwambie sikukosea kuiandika. Nilikosea mahali pa kuituma tu."

Venance akatoka kwenda kumwambia mtu aliyekwisha kusikia kila neno. Tukangoja. Nikawaza kwamba kijiji kizima cha Kinyala sasa kinaijua barua yangu kwa moyo, na mtu pekee ambaye hajaisoma ni mwenyewe niliyemwandikia.

Venance akarudi. "Mwenyekiti anasema amesikia."

"Basi?"

"Basi. Anasema pia mkutano uendelee, ila kwanza awekewe kiti upande ule wa pili, karibu na mlango wa nyuma."

Sikuelewa kwa nini kiti kihamishwe. Wanawake walielewa kabla yangu. Wakaanza kujibana kwenye mabenchi yao, vikapu vikasogezwa, na mama Atuganile akashika kiwiko changu kwa vidole vigumu vya mchuma chai. Akanivuta nyuma mpaka kwenye kona iliyo mbali kabisa na mlango ule, nyuma ya nguzo.

"Kaa upande huu, mkamwana," akasema. "Huko atapita akiingia."

Nikakaa. Bibi wa ukili akanigusa goti akanionyesha kwa ishara nivute kitenge kichwani, nijifunike uso kama ipasavyo, maana mzee anakuja. Nilimshukuru, *ndaga fijo, bibi*, nikakiacha kitenge pale pale mabegani. Uso wangu nitaufunika siku ng'ombe wakifika.